Kitufe Kimehama, Mkono Umebaki

Mwaka jana, Jumatatu moja asubuhi, mama mdogo wangu alinipigia simu. Ni karani wa ofisi, kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka ishirini, na barua anazochapa kwa siku moja mimi na digrii zangu sizimalizi kwa wiki. Siku hiyo alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha.

“Mwanangu, mimi nadhani nimezeeka.”

“Shikamoo kwanza, mamdogo. Kuna nini tena?”

“Marahaba. Wametubadilishia kompyuta mwisho wa wiki. Kitufe cha Start sikioni pale pa siku zote. Nikibonyeza kwenye kona inaniletea habari za hali ya hewa. Hawa vijana wa hapa wanacheka. Nimeona nikuulize wewe kimya kimya kabla sijamwuliza mkubwa wangu.”

Nilimsaidia, na nitakuambia mwishoni tulifanyaje. Lakini lile neno “nimezeeka” liliniuma. Mama mdogo hakuwa amezeeka hata kidogo. Alichokutana nacho Jumatatu ile ni mgongano wa mambo mawili ambayo sayansi imeyajua tangu kabla yeye hajazaliwa: mahali ambapo kitufe kinafaa kukaa, na mahali ambapo mkono umekwisha kukizoea. Na ukifuatilia mambo hayo mawili mpaka kwenye chanzo chake, yote yanakufikisha kwa mtu mmoja. Twende taratibu.

Chukua karatasi na kalamu

Tuanze na jaribio. Chora kwenye karatasi mistatili miwili iliyosimama, kila mmoja una upana wa sentimita 4, na kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine ziwe sentimita 16. Sasa gonga kwa ncha ya kalamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka uwezavyo bila kukosa, kwa sekunde 10. Mwenzako ahesabu. Halafu chora mistatili mingine yenye umbali uleule ila upana wa sentimita 1 tu, urudie.

Utaona mwenyewe: ile myembamba inakuchelewesha. Hilo hata mtoto angelitabiri. Ila mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alifanya jaribio la namna hii kwa vipande vya chuma na kalamu ya chuma, akapata kitu ambacho si rahisi kukitabiri: ucheleweshaji huo unafuata hesabu safi kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua umbali, zidisha kwa mbili, gawanya kwa upana wa shabaha. Kwa mistatili yetu ya kwanza: 16 mara 2 ni 32, gawanya kwa 4 unapata 8. Sasa jiulize, 8 unaweza kuigawa kwa mbili mara ngapi mpaka ufike 1? Mara 3. Huo ndio “ugumu” wa shabaha ile. Kwa mistatili myembamba: 32 gawanya kwa 1 ni 32, unaigawa kwa mbili mara 5. Ugumu umetoka 3 hadi 5. (Waliosoma hesabu wameshatambua kwamba hii ni logi ya kizio 2.) Fitts aligundua kwamba kila ugumu unapopanda hatua moja, muda unaongezeka kwa kiasi kilekile.

Hapa kuna jambo zuri la kuliona. Ukiongeza umbali mara mbili, ugumu unapanda hatua moja. Ukipunguza upana nusu, ugumu pia unapanda hatua moja. Yaani kitufe kilicho mbali kinaweza kufidiwa kwa kukifanya kiwe kikubwa, na kitufe kidogo kinaweza kufidiwa kwa kukisogeza karibu.

Mwaka 1954 hapakuwa na mausi wala menyu. Lakini mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr, waliokuwa kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, walichukua mausi, kijiti cha kuongozea na vitufe vya kibodi, wakapima ni kipi kinamfikisha mtu haraka kwenye neno fulani ndani ya skrini. Mausi ilishinda. Na ilifuata kanuni ya Fitts kama vile aliitunga kwa ajili yake: kila hatua moja ya ugumu iliongeza karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Kishale kikigonga ukuta

Sasa rudi kwenye kompyuta yako. Sukuma mausi kwa nguvu kuelekea juu, usijali itafika wapi. Kishale kimekwenda mpaka ukingo wa skrini kikasimama, si ndiyo? Endelea kusukuma hata mita nzima, hakiendi popote.

Hiyo maana yake ni kwamba kitufe kilichogusa ukingo wa skrini, kwa macho kinaweza kuwa chembamba, lakini kwa mkono ni kipana mno. Huhitaji kupunguza mwendo ili usikipite, kwa sababu huwezi kukipita. Ukingo unakushikia breki. Kona ni bora zaidi, maana kuna kuta mbili: unarusha mausi pembeni ovyo ovyo na kishale kinatua palepale kila siku. Unaweza kuifikia kona ukiwa umefumba macho. Jaribu.

Ndiyo maana kompyuta za Apple, kuanzia Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya 1984, ziliweka menyu zote kwenye mstari mmoja juu kabisa ya skrini, wakati Windows iliweka menyu ndani ya kila dirisha. Kwa kanuni ya Fitts, menyu ya Macintosh ina faida ya ukuta. Menyu ya Windows haina ukuta: lazima uilenge, upunguze mwendo, usimame.

Lakini usikimbilie kutangaza mshindi. Skrini ya Macintosh ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 9 tu kutoka kona hadi kona. Leo mtu ana skrini ya inchi 27, dirisha lake dogo liko chini kulia, na menyu iko juu kushoto. Umbali umekuwa safari. Tena ukiunganisha skrini mbili kwa pamoja, ule ukingo wa katikati unatoweka: kishale kinapita tu kama mtu anayevuka kibaraza. Kwa hiyo hata jibu la hesabu linategemea meza yako ikoje.

Safari ya kitufe kimoja

Sasa tumwangalie yule mtuhumiwa wa mama mdogo. Kitufe cha Start kilizaliwa na Windows 95, iliyotoka Agosti 1995. Kiliwekwa kona ya chini kushoto, na kikaandikwa neno lenye maana ya “anza”, kwa ajili ya mtu mgeni aliyekaa mbele ya skrini tupu bila kujua aguse wapi kwanza. Kona, kama ulivyoona, ni mahali pazuri pa kuweka kitu kinachobonyezwa mara nyingi.

Kwa miaka 17 hakikuhama. Kama ulijifunza kompyuta kwenye intaneti kafe ya mtaani kwenu, ukilipia kwa dakika huku jirani yako anachungulia barua pepe zako, basi mkono wako ulijifunza kona hiyo. Mama mdogo naye hivyohivyo, kwenye kozi ya jioni.

Oktoba 2012 ikaja Windows 8, iliyotengenezwa kwa kufikiria sana skrini za kugusa kwa kidole, na kitufe kikaondolewa. Cha kuchekesha ni kwamba kona yenyewe ilibaki inafanya kazi: ukipeleka kishale pale na kubonyeza, ulipelekwa kwenye ukurasa wa kuanzia. Mkono ulikuwa sahihi, ila jicho halikuona kitu, na watu wengi hawakuthubutu kubonyeza mahali patupu. Kelele zikawa nyingi. Oktoba 2013, toleo la 8.1 likarudisha kitufe, na mwaka 2015 Windows 10 ikarudisha na menyu yake.

Kisha Oktoba 2021 Windows 11 ikakipeleka kitufe katikati ya ukanda wa chini. Sababu zipo. Skrini za siku hizi ni pana, na katikati ndipo macho yanaposhinda. Bado kinagusa ukingo wa chini, kwa hiyo ukuta mmoja kimebaki nao. Lakini kimepoteza kona, na kimepata tabia mpya: kwa kuwa aikoni zote zinapangwa kutokea katikati, kila unapofungua programu nyingine safu inatanuka na kitufe cha Start kinasogea kushoto kidogo. Asubuhi kiko hapa, saa sita mchana kiko pale. Na ile kona ya zamani, katika matoleo yaliyofuata, ikapewa kitu kingine: hali ya hewa. Ndipo mama mdogo akaambiwa kuna mawingu.

Tupige hesabu. Tuseme kuondoka kona kumeongeza ugumu hatua mbili au tatu. Kwa namba ile ya mwaka 1978, hiyo ni kama sehemu mbili au tatu za kumi ya sekunde. Hata kope hujapepesa vizuri. Mbona basi mama mdogo alipoteza asubuhi nzima? Hapo hesabu ya umbali na upana inaishiwa maneno. Inabidi turudi kwa Fitts, lakini miaka saba nyuma.

Marubani waliobonyeza “palepale”

Mwaka 1947, Fitts akiwa kwenye maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Ohio, yeye na mwenzake Richard Jones walikusanya visa 460 ambavyo vilikuwa vikiitwa “makosa ya rubani” katika kutumia mitambo ya ndege. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, na marubani wengi walikuwa na mambo ya kusimulia.

Nusu ya visa hivyo vilikuwa vya aina moja: rubani ameshika kitu kimoja akidhani ni kingine. Amevuta wenzo wa magurudumu badala ya ule wa mabawa. Amepunguza mafuta akidhani anarekebisha panga za injini. Watu hawa walikuwa marubani waliofunzwa, wenye macho mazima na akili timamu, si wazembe wala walevi. Walichogundua Fitts na Jones ni kwamba wenzo zilezile tatu za injini zilipangwa kwa mfuatano tofauti katika ndege tofauti. Rubani aliyezoea mpango wa ndege moja akihamishiwa nyingine, mkono wake uliendelea kuishi kwenye ndege ya zamani. Wakati wa utulivu alikumbuka. Wakati wa hatari, mkono ulirudi nyumbani.

Ushauri wao haukuwa marubani wakaripiwe zaidi. Ushauri ulikuwa mitambo ipangwe sawa katika ndege zote, na wenzo zitofautiane kwa umbo ili kiganja kizitambue bila kuangalia.

Unaona sasa? Wabunifu wengi wa programu wanamjua Fitts wa 1954, wa umbali na upana. Fitts wa 1947 wanamsahau. Na yeye ndiye anayemtetea mama mdogo.

Kama ndege ziko mbali nawe, fikiria gari. Magari mengi barabarani kwetu ni Toyota zilizotumika Japani, na kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia wa usukani. Mpe dereva wake gari la Ulaya, indiketa iko kushoto. Kona ya kwanza anayokata, wipa zinafuta kioo kikavu katikati ya jua la mchana. Anacheka, anajirekebisha, kona ya pili tena wipa. Hivi dereva huyo amezeeka? Au dereva wa lori anayevuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania, ambako tunaendesha kushoto, kuingia Rwanda, ambako wanaendesha kulia: hakuna anayemwita mjinga kwa kuvuka polepole. Tunajua kwamba kilichobadilika ni barabara.

Mkono unakumbuka wapi?

Watu husema “misuli inakumbuka”. Ni msemo tu. Misuli haina kumbukumbu, kumbukumbu iko kwenye ubongo, ila iko kwenye chumba tofauti na kile unachohifadhia majina na tarehe.

Tulilijua hilo vizuri kupitia mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, wakamwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini akawa hawezi tena kuhifadhi kumbukumbu mpya: anakutana nawe, unatoka nje dakika chache, ukirudi anakusalimia upya. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo. Ni kazi ya kuudhi, kila kitu kiko kinyume. Kwa siku tatu mfululizo Molaison alizidi kuwa hodari. Na kila siku alikuwa hakumbuki kwamba amewahi kuifanya. Mkono umejifunza, mwenyewe hana habari.

Ujuzi wa namna hii unategemea sehemu nyingine za ubongo, mojawapo ile iliyo nyuma chini ya kisogo, serebelamu, na vifundo vya ndani viitwavyo ganglia za msingi. Faida yake ni kubwa: kitendo ulichokirudia mara maelfu hakihitaji tena kufikiriwa, kwa hiyo akili inabaki huru kuwaza barua badala ya kitufe. Mama mdogo akiwa kazini haoni Start, haoni menyu, haoni mausi. Anaona barua ya mkurugenzi.

Hasara yake ndiyo hii: ujuzi huo hausikii maelezo. Unaweza kuambiwa “kitufe kimehamia katikati”, ukaelewa, ukakubali, na sekunde kumi baadaye mkono ukaenda konani. Aliyeambiwa ni wewe, mkono haukuwepo kwenye kikao. Utajifunza tu kwa kurudia, na mpaka hapo kila kitendo kidogo kinarudi kwenye fikra. Ndipo asubuhi nzima inapopotelea: kitufe kimoja kinakula sehemu ya kumi ya sekunde, lakini mtu aliyekuwa anawaza barua sasa anawaza mausi, kisha anajishuku, kisha anaogopa kubonyeza.

Ndiyo maana pia menyu zinazojipanga zenyewe hazikupendwa. Mwaka 1989, Jeffrey Mitchell na Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland walilinganisha menyu iliyotulia na menyu inayobadili mpangilio kulingana na matumizi. Ukifikiria kwa hesabu ya umbali tu, ile inayojipanga ingefaa: unachokitumia sana kinapanda juu. Lakini iliyotulia ndiyo iliyokuwa ya haraka mwanzoni, na wengi wa walioshiriki waliipenda zaidi. Miaka kumi baadaye Microsoft iliweka menyu za kujificha na kujipanga kwenye Office 2000, na zilipofika 2007 zilikuwa zimeondoka. Ni kama mtu mwema anayeingia jikoni kwako kila usiku kukupangia upya vyombo. Nia nzuri, lakini chumvi iko wapi?

Kisa cha Ubuntu

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka kwenye mfumo wenye jina la Kiafrika. Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, umebeba neno la Kizulu na Kixhosa ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu “utu”.

Toleo la Aprili 2010, yaani 10.04, lilihamisha vitufe vya dirisha, vya kufunga, kupunguza na kutanua, kutoka kulia kwenda kushoto. Watumiaji wakaja juu. Hoja ya wabunifu ilikuwa kwamba upande wa kulia unaachwa wazi kwa ajili ya mambo mapya yanayokuja. Mambo hayo hayakuja kama yalivyotangazwa, lakini vitufe vikabaki kushoto. Mwaka uliofuata mfumo ukapandisha na menyu juu ya skrini, kwa mtindo wa Macintosh. Mwaka 2014, skrini zikiwa zimekua, ukampa mtumiaji hiari ya kurudisha menyu kwenye dirisha. Na Oktoba 2017, toleo la 17.10 likavirudisha vitufe kulia.

Unadhani wote walishangilia? Fikiria mwanafunzi aliyeanza kutumia Ubuntu mwaka 2012. Yeye kulia hakukujua. Kwake kushoto ndiyo “kawaida” na kulia ndiyo fujo mpya. Kitufe kilekile, sehemu ileile, mmoja amerudishwa nyumbani na mwingine amehamishwa kwa nguvu.

Hata upande wenyewe haukuandikwa popote mbinguni. Waulize ndugu zetu Waswahili walioko Muscat: ukiweka Windows kwa Kiarabu, skrini nzima inageuka kama kwenye kioo, kwa sababu maandishi yanasomwa kutoka kulia. Alama ya X ya kufunga dirisha inakuwa kushoto. Mtu anayetumia Kiarabu ofisini na Kiingereza nyumbani ana mikono miwili ndani ya mkono mmoja.

Basi vikae wapi?

Kama unasoma kompyuta na siku moja utatengeneza mfumo wa usajili, wa hospitali au wa benki, hili ndilo ninalokuomba. Unapochora mara ya kwanza, kabla hakuna aliyezoea chochote, msikilize Fitts wa 1954: kinachotumiwa sana kiwe karibu, kiwe kikubwa, kiguse ukingo kabisa, usiache hata pikseli moja ya mwanya. Kitufe cha kufuta kisikae ubavuni mwa kitufe cha kuhifadhi.

Lakini watu wakishazoea, msikilize Fitts wa 1947. Faida ya kuhamisha ihesabiwe pamoja na gharama ya kila mkono utakaopotea. Ukihama kwa sababu ya kupendezesha tu, umewauzia watu urembo kwa bei ya asubuhi zao. Ukihama kwa sababu nzito, basi mlango wa zamani uuache wazi. Windows yenyewe iliwahi kufanya hivyo vizuri. Kabla ya mwaka 1995, dirisha lilifungwa kwa kubonyeza mara mbili kile kisanduku cha kona ya juu kushoto. Windows 95 ilipoleta alama ya X upande wa kulia, haikuua njia ya zamani, na hadi leo kwenye programu nyingi za mtindo wa kale ukibonyeza mara mbili aikoni ile ya kushoto, dirisha linafunga. Hakuna aliyedhalilishwa.

Na kama wewe ni mtumiaji tu, una njia tatu. Ya kwanza, jifunze vitufe vya kibodi: kitufe chenye alama ya Windows kinafungua Start popote ilipohamia, Alt na F4 vinafunga dirisha, Ctrl na S vinahifadhi. Hivyo havijahama tangu enzi za intaneti kafe. Ya pili, angalia mipangilio kabla hujakata tamaa, maana mara nyingi cha zamani kimefichwa humo. Ya tatu, ukilazimika kuzoea kipya, kizoee moja kwa moja, usikae nusu huku nusu kule, na jipe siku kadhaa za kuwa mzito bila kujitukana.

Mama mdogo tulimaliza kwa simu ileile. Nilimwambia abonyeze kitufe cha kulia cha mausi kwenye ukanda wa chini, achague Taskbar settings, kisha Taskbar behaviors, kisha pale palipoandikwa Taskbar alignment abadili Center iwe Left. Haikufika dakika mbili. Nikasikia kimya, halafu mbofyo mmoja.

“Kimerudi,” akasema. “Kwa hiyo sikuwa nimezeeka?”

“Hapana, mamdogo. Umebobea. Mkono wako ulienda palepale ulipofundishwa.”

“Haya, ngoja nikaonyeshe hawa vijana.”

Nasikia sasa ofisi nzima wanamfuata yeye.